Alama Nyekundu ya Dada Irma

Kabla ya ule mwaka mbaya ambao mabenki yalifunga milango, Irma Etchebarne alikuwa na karakana ya sweta hapa mjini Paysandú, na mimi, Mirta, nilikuwa mmoja wa wafumaji wake sita. Karakana ikafa. Nikafungua duka la intaneti, kompyuta tano kwenye sebule yangu ya mbele, naye akabaki na banda zima la mashine za kufuma zisizotakiwa na mtu.

Siku moja nikamwonyesha tovuti ya mnada. Akaweka kopo la sindano za mashine, wanawake wawili wa Montevideo wakashindana kupandisha dau, na tangu hapo ikawa kila siku saa tatu asubuhi dada Irma yuko mlangoni kwangu na chupa yake ya maji moto kwapani, anauza mashine zake kipande baada ya kipande.

Kwenye mnada ule hakuna anayejua sura ya mwenzake. Kinachojulikana ni alama. Mali ikishafika, mnunuzi humpa muuzaji alama na muuzaji naye humpa mnunuzi. Ni kijani kama umeridhika na nyekundu kama hukuridhika, pamoja na maneno yasiyozidi herufi themanini. Kwa miaka mitatu dada Irma alipata alama za kijani mia nne na kumi na mbili, na nyekundu hata moja hakuwa nayo. Wateja waliandika “kimefungwa vizuri”, “mama mwaminifu”, “kama alivyosema”, naye alikuwa akizirudia kuzisoma. Alipoteza karakana, lakini jina lake lilikuwa pale, kila mtu analiona.

Jumatatu moja mwezi wa tano alifungua ukurasa wake, akakisogelea kioo cha kompyuta. Kisha akaniita.

“Mirta, hebu soma wewe. Labda ni macho yangu.”

Hayakuwa macho yake. Mtu wa mji wa Salto, Dardo Olaizola, alikuwa ameandika: “Kigari kimefika meno yamevunjika. Mama huyu tapeli. Msinunue kwake.”

Kigari ni kile kipande unachokisukuma huku na huku juu ya sindano. Bila hicho mashine ni ubao tu. Dada Irma alikuwa amekifunga mwenyewe mbele yangu, kwa magazeti, kisha kwa kipande cha blanketi.

“Nilimtumia kizima,” akasema. “Ulikiona.”

“Nilikiona, dada. Kunywa maji kidogo halafu tufikirie.”

“Nitakunywa nikimaliza.”

Nilimsihi asubiri hata mpaka mchana. Hakusubiri. Akampa Olaizola nyekundu yake: “Kakivunja mwenyewe, anataka cha bure. Mkorofi. Wauzaji jihadharini.”

Mwezi uliofuata ulikuwa mzito. Mama mmoja wa mji wa Mercedes aliyekuwa ameshaweka dau akamwandikia kumuuliza kama kweli yeye ni tapeli, na kabla hajajibiwa akajitoa. Vitu alivyoviweka vikamaliza siku zake saba bila mtu kuvigusa. Dada Irma akaanza kuja kwangu saa nne, kisha saa tano, na akija hafungui ukurasa wake. Anakaa tu kunisaidia kufagia. Aliniambia anaona haya hata kwenda kwa mwoka mikate, kana kwamba yule naye husoma tovuti ya mnada.

Mimi ndiye niliyeyasoma masharti mpaka chini. Yalisema kwamba alama hazifutiki, isipokuwa wote wawili wakubali kuziondoa, kila mmoja abonyeze kwa upande wake, kabla siku thelathini hazijaisha. Siku zikiisha, alama zinabaki pale daima. Tukamwandikia Olaizola.

Akajibu: “Anza wewe.”

Dada Irma akajibu: “Wewe ndiye uliyeanza kutukana, kwa hiyo anza wewe kufuta.”

Kila mmoja alikuwa na hofu ileile, kwamba akishabonyeza yeye, mwenzake ataketi kimya acheke. Tulipompigia simu alisikiliza jina tu, akakata.

Siku ya ishirini na nane dada Irma akasimama katikati ya duka langu, ufagio mkononi.

“Kesho naenda Salto.”

“Kufanya nini?”

“Aniite tapeli nikiwa nimesimama mbele yake. Anwani ninayo, si nilimtumia mzigo?”

Alikuwa na miaka sitini na mitatu na magoti mabovu. Nilifunga duka nikaenda naye, kidogo kwa huruma na kidogo kwa kuogopa asije akampiga mtu kibao.

Tulifika Salto asubuhi, baridi ya mwezi wa sita na mvua ya kuchosha. Nyumba ilikuwa ya matofali, nyuma yake michungwa. Aliyefungua mlango ni mwanamume mnene, amevaa kandambili juu ya soksi, bisibisi mfukoni.

“Mimi ndiye tapeli wa Paysandú,” dada Irma akasema.

Yule bwana alimtazama, akatazama miguu yetu iliyolowa, akanitazama mimi.

“Bibi, umesafiri saa mbili kuja kunitukana? Si ungeandika tu, mbona umezoea.”

“Herufi themanini hazinitoshi.”

Nadhani mvua ndiyo iliyotusaidia, maana huwezi kumwacha mama mzee nje kwenye mvua hata kama ni adui yako. Akatupisha ndani. Kama ilivyo desturi yetu siku za mvua, mkewe alikuwa jikoni anakaanga maandazi bapa. Alikuwa mwembamba, jina lake Zulma. Alipomsikia dada Irma akijitaja, mwiko ulimponyoka mkononi. Akauokota bila kuinua macho.

Meza ilikuwa imejaa redio za kale zilizofunguliwa matumbo. Ndiyo kazi yake Olaizola tangu alipostaafu reli. Anazitengeneza na kuziuza kwenye mnada uleule.

“Wewe unazo alama mia nne,” akamwambia dada Irma. “Mimi ninazo kumi na nne. Unajua nyekundu moja inafanya nini kwa mtu mwenye kumi na nne? Tangu uniite mkorofi sijauza redio hata moja.”

“Na mimi sijauza hata sindano tangu uniite tapeli.”

“Basi tuko sawa.”

“Hatuko sawa. Mimi nilikutumia kitu kizima. Kilete nikione.”

Akakileta kwenye boksi lake. Meno mawili ya chini yalikuwa yamekatika kabisa. Dada Irma akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapapasa pale palipokatika kwa kidole gumba.

“Na mashine yenyewe iko wapi?”

Ilikuwa chumbani, karibu na kitanda, imefunikwa shuka. Olaizola akaifunua. Nami nikaona wakati uleule alipoona dada Irma, maana tulifanya kazi juu ya mashine hizo miaka kumi na moja. Hii ilikuwa ya zamani, ile nyembamba. Kigari alichomuuzia kilikuwa cha mashine pana. Hakiwezi kuingia pale hata ukiomba.

Dada Irma akakitazama tena kigari mkononi. Nilijua anachokifikiri. Kwenye tangazo aliandika “kinaingia mashine zote za aina hii”. Hayo maneno aliyanakili kutoka tangazo lake la zamani ili asichoke kuchapa. Isipokuwa mimi, hakuna mwingine mle ndani aliyejua tofauti. Angeweza kuirudishia mashine shuka, akanyamaza.

“Bwana Olaizola,” akasema, “kosa langu hili hapa. Nilikuuzia kisichoingia. Niliandika bila kufikiri, na wewe ukaniamini. Hilo nakuomba radhi. Lakini kuvunjika sikukivunja mimi. Naapa kwa kaburi la mama yangu.”

“Kilikuwa kizima.”

Aliyesema hivyo ni Zulma. Alikuwa amesimama mlangoni, aproni imekunjwa mikononi.

“Mzigo ulifika Alhamisi, Dardo, wewe ulikuwa kwa kaka yako. Nikashindwa kusubiri. Nikakiweka, kikakwama. Nikadhani ni kutu, nikakisukuma kwa nyonga. Nikasikia kak.” Akaikunja tena aproni. “Nikakirudisha kwenye boksi nikabandika tena utepe wake wa gundi juu. Ulikuwa umekitafuta miaka miwili kwa ajili yangu. Ningekuambiaje kwamba nimekivunja kwa dakika tano? Nilidhani utawalaumu watu wa basi waliouleta mzigo. Wewe ukamlaumu mama wa watu.”

Olaizola akakaa kitandani. Kitanda kikalia.

“Zulma. Mwezi mzima nagombana na kompyuta pale sebuleni, nasoma matusi kwa sauti, na wewe uko jikoni unanisikia.”

“Nilikuwa naongeza sauti ya redio.”

Dada Irma ndiye aliyecheka kwanza. Alijizuia, akashindwa, akashika ukingo wa mashine na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nikamfuata. Olaizola alikuwa na uso wa mtu asiyejua kama ana ruhusa, halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Zulma peke yake alilia, kilio kile cha mtu aliyetua mzigo, na dada Irma akamshika mkono na kumwambia, “Mwanangu, maandazi yanaungua.”

Tuliyala yaliyonusurika, kisha tukaondoka wote wanne chini ya miavuli miwili kwenda duka la intaneti la kona ya pili. Kompyuta ya Olaizola ilikuwa moja tu, na pamoja na kicheko chote kile kila mtu alitaka yake. Tukawakalisha ubavu kwa ubavu.

Mtandao ukawa umekatika kwa sababu ya mvua.

Tulisubiri karibu saa nzima. Kijana wa duka akasema labda utarudi mchana, labda kesho, na kesho ilikuwa siku ya mwisho. Dada Irma alikuwa akitazama kioo kitupu na kukunjakunja tiketi ya basi. Mara Olaizola akamsogezea kiti karibu.

“Usiniogope, bibi. Nitabonyeza. Hata kama mtandao utarudi wewe ukiwa umeshaondoka, nitabonyeza.”

“Najua,” akasema dada Irma. Nilimtazama, na kweli alikuwa anajua.

Mtandao ulirudi saa sita na nusu. Hawakuhesabu moja, mbili, tatu. Dada Irma alibonyeza papo hapo, kabla Olaizola hajamaliza kuandika nywila yake kwa kidole kimoja. Tukawa tunamsubiri yeye. Akakosea nywila, akakosea tena, Zulma akamnong'oneza ndiyo hiyo lakini kwa herufi kubwa. Akabonyeza. Ukurasa wa dada Irma ukajivuta polepole, mstari baada ya mstari, na tulipofika chini palikuwa na kijani tu.

Dada Irma akavua miwani, akaipangusa kwa skafu, akavaa tena, akasoma upya kuanzia juu.

“Imeondoka,” akasema. Kisha akaegemea kiti na kushusha pumzi ndefu, na mabega yake, ambayo mwezi mzima yalikuwa karibu na masikio, yakashuka.

Wakaagana kwa kubusiana shavuni. Dada Irma alimwahidi Zulma kigari chembamba. Kimoja alikuwa nacho bandani, na angekituma Jumatatu bila mnada wowote. Akamwonyesha kwa mikono hewani namna ya kukisukuma: kwa vidole, si kwa nyonga.

Ndani ya basi alifungua mfuko wa maandazi tuliyopewa ya njiani, akala mawili mfululizo. Tangu mwezi wa tano sikuwa nimemwona akila hivyo.

“Kesho unifungulie mapema, Mirta,” akasema. “Nina matangazo kumi na saba niliyoyanakili. Nataka niyapitie moja moja.”

“Saa mbili nitakuwa wazi, dada.”

Hakunisikia. Alikuwa ameshalala, mdomo wazi, kichwa begani kwangu, na hakuamka mpaka dereva alipotangaza Paysandú.