Neno Nililolifuta

Mimi, Andama, ni mtu wa kukosoa. Siombi msamaha, nakuambia mapema tu. Nilipelekwa pwani ya Kenya miezi tisa kusomea Kiswahili, nikarudi kwetu Arua na ngeli zote kichwani, na tangu siku hiyo sikuweza kupita sokoni kwa amani. "Kitu yangu." "Watu iko mingi." "Gari nakuja." Ala! Hata mke wangu Drateru nilimsahihisha mbele ya wageni, tena si mara moja. Siku moja alifunga nguo zake akarudi kwao Manibe.

Kwa hiyo mwaka 1972 nilipotumwa Koboko, mpakani na Sudan na Kongo, kufundisha watu wazima kusoma, nilikwenda peke yangu, na baiskeli, sanduku moja na maboksi mawili ya chaki. Tulipewa ghala la zamani la pamba. Wanafunzi walikuja saa kumi alasiri wakitoka shamba, wengi wao wake na mama za askari. Ngeli zangu hawakuzitaka. Walitaka jambo moja tu: kusoma barua zinazotoka kambini bila kumpa mtu baki siri zao. Mpaka wajue, msomaji wao nilikuwa mimi. Nilisoma barua za watu mpaka sauti ikanikauka, na yangu haikuja hata moja.

Rosa Kiden alikuwa mjane aliyeuza maharage sokoni. Mwanawe wa pekee, Pitia, alikuwa askari mbali huko kusini, na hakuna aliyemwita Rosa. Alikuwa Mama Pitia kwa kila mtu. Barua za Pitia alikuwa akisomewa na karani wa soko, ambaye alihama kabla sijafika. Mimi sikuwahi kuziona. Alizifungia ndani ya kopo la majani ya chai.

Siku moja askari aliyekuja likizo, jina lake Lado, alinivuta nyuma ya ghala.

"Mwalimu, wewe mutu ya kusoma. Ambia mama ya Pitia. Pitia hapana iko tena. Walimuchukua pale kambi, hapana rudi. Sisi ilizika yeye. Mimi naogopa kusema."

Akadandia basi la Arua kabla sijamuuliza lolote.

Nikaenda. Mungu ni shahidi, nilikwenda na maneno yakiwa tayari mdomoni. Nilimkuta anapepeta maharage. Akaona karatasi mkononi mwangu, ambayo ilikuwa orodha ya wanafunzi, akaruka juu. "Barua! Mwalimu naleta barua ya Pitia!" Akacheka, akaita majirani, akaniwekea kigoda. Na mimi, mwalimu mzima, nikafungua orodha ya wanafunzi nikasoma: "Mama mpendwa, natumai u mzima wa afya kama nilivyo mimi huku."

Aliketi chini ghafla. Nikadhani ni furaha. Alipoitaka karatasi nilimwambia nakaa nayo kwanza nimwandikie Pitia jibu, na kesho yake nikampelekea barua kamili niliyoiandika kwa mkono wangu. Aliiweka kwenye kopo. Kisha akanipakulia ugali wa muhogo na maharage, nikala nyumbani kwa mtu kwa mara ya kwanza tangu nifike Koboko.

Sitakudanganya na wewe pia. Ya kwanza niliiandika kwa huruma. Ya pili niliiandika kwa upweke. Kila baada ya miezi miwili nilikuwa "napokea" barua ya Pitia, nampelekea, namsomea, nakula. Wenzangu walikuwa na wake na watoto na shangazi wa kuwasumbua. Mimi nilikuwa na kigoda kile.

Basi mwaka 1974, siku ya kwanza ya darasa jipya, nani anaingia ghalani na kibao kwapani? Mama Pitia.

"Mwalimu, mimi nataka kusoma."

Nikaangusha chaki. Ningemfukuza vipi? Kila siku niliwahubiria kuwa elimu haina mwisho, kwamba hakuna aliyezeeka hata asiweze kujifunza. Lakini akijua kusoma atafungua kopo lile, atauona mwandiko wangu, uleule anaouona ubaoni, na atajua kwamba mwanawe hayupo na kwamba nimekula chakula chake kwa uongo. Sitakikalia kigoda kile tena maisha yangu yote.

Unajua nilifanya nini? Nikaanza kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Nikasema wa kulia umeteguka. Miaka mitano ulikuwa umeteguka! Herufi zangu zililala na kuinuka ovyo, na Sadiya, mfanyabiashara wa karanga aliyekaa mbele kabisa, hakuacha kunichokoza. "Mwalimu, hiyo mukono haina ugonjwa, iko na uvivu." Darasa zima likaangua kicheko. Mama Pitia hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya kibao chake.

Alijifunza polepole, lakini alichokishika hakikumtoka. Siku moja zamu yake ya kusoma iliangukia methali niliyoiandika mwenyewe bila kufikiri. Akaisoma silabi kwa silabi, kwa sauti: "Nji-a ya mwo-ngo ni fu-pi." Nikakohoa mpaka wakaniletea maji.

Ila alikuwa na ukaidi mmoja ulionitia wazimu. Kila siku, kabla ya zoezi lolote, aliandika maneno yaleyale juu kabisa ya kibao: mama mimi iko. Kila siku nilipita nikayafuta kwa mkono wa shati.

"'Iko' si neno la barua, Mama Pitia. Andika 'nipo'."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nikishapita, anaandika tena. Narudi, nafuta. Siku moja nilimkaripia mbele ya wote, nikamuuliza kichwa chake kimeumbwa kwa nini hasa. Aliusogeza tu mkono wake pembeni. "Basi futa, Mwalimu," akasema.

Hata alipoweza kusoma, barua za Pitia aliniachia mimi. "Soma wewe, macho yangu hapana ona muzuri." Nilishukuru macho yake mabovu, mjinga mimi, nikaendelea kula.

Mwaka 1979 vita vilipotukaribia, Koboko ilihama yote kwa siku chache. Nilikimbilia nyumbani kwa Mama Pitia nikiwa nimeapa safari hii namwambia, liwe liwalo. Nilikuta mlango wazi na kuku wawili. Majirani waliokuwa wakifunga mizigo wakasema ameelekea Sudan na kundi la kwanza. Mimi nikafuata njia ya Kongo na umati wa watu nisiowajua.

Huko nilikaa miezi minne katika kibanda cha nyasi. Hakuna aliyejua kwamba mimi ni mwalimu. Siku nzima ilipita bila mtu kutaja jina langu, na ilifika wakati nikawa nalitaja mwenyewe, kwa sauti, nisije nikalisahau.

Ndipo Sadiya akatokea garini, juu ya gunia la karanga, akipita mipaka kama kawaida yake.

"Mwalimu! Nakutafuta wewe kambi tatu. Iko barua yako."

"Barua ya nani?"

"Yako, nasema! Wewe kiziwi?"

Ilikuwa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Herufi kubwa, zimekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

"Mwalimu Andama. Mimi Rosa. Hii ni mukono yangu. Pitia kila barua alianza hivi, mama mimi iko. Karani alisoma hivyo. Wewe ulisoma mama mpendwa u mzima. Mutoto yangu hapana jua hiyo maneno. Siku ile mimi nilijua Pitia hapana iko. Mimi nilikasirika, nilitaka fukuza wewe. Lakini ulikula kama mutu hana mama. Nikasema wacha aandike. Darasa nilikuja sababu nataka soma barua ya Pitia na macho yangu. Nimesoma yote. Kopo niko nayo huku. Ile mukono yako ya kulia, wacha ipone. Mwalimu, wewe iko? Andika."

Nilisoma, nikarudia, nikakaa chini kwenye vumbi nikalia mbele ya Sadiya bila haya. Nilikuwa nimebadilisha mwandiko, nimebadilisha hata mkono, lakini kuandika neno moja la makosa, kama alivyoandika Pitia, sikuweza. Na miaka mitano nilipita kila siku nikayafuta maneno ya mwanawe kwa mkono wa shati, mbele ya macho yake, na yeye akasubiri nipite ili ayaandike tena.

"Mwalimu, gari nakwenda," Sadiya alisema taratibu. "Kama iko jibu, leta."

Nikaomba kalamu. Niliishika kwa mkono wa kulia. Nikaandika:

"Mama, mimi iko."