Katriji ya Redempta

Mzee Kastori alisonya, msonyo wa kusikika mpaka barabarani. Given, meneja wa kituo chao kidogo cha redio pale Moshi mjini, alikuwa amemwekea mezani redio ya gari aliyoipata sokoni Kwa Sadala.

"Shikamoo mzee. Hii si inameza kanda za katriji? Tunaiunganisha na kompyuta, matangazo yote ya zamani yanahamia humo, kazi imekwisha."

"Marahaba. Nani alikupa umeneja, wewe?" Kastori akageuza katriji moja, akamwonyesha tundu chini yake. "Gurudumu la mashine yetu iliyokufa linapandia humu ndipo libane kanda. Redio yako inataka katriji yenye gurudumu lake ndani. Na hata ingecheza, mwendo wake ni nusu. Watangazaji watasikika kama wamelewa mbege. Rudisha takataka yako."

Miaka thelathini na moja alikuwa fundi mitambo pale kabla ya kustaafu, na sasa walipomwita awasaidie, machoni pake hakuna mtu mwenye akili. Given na suruali zake za kubana, bure kabisa. Yule mtaalamu wa Dar aliyeshauri wanunue mashine mpya, wakati viwanda viliacha kuzitengeneza zamani, naye hamnazo. Akaenda mwenyewe Himo kwa Jacob wa vyuma chakavu. Alikuta mashine mbili za katriji. Ya kwanza kichwa kimelika, akaiacha. Ya pili mpira wake ulikuwa bado laini na mota inazunguka bila kuyumba, akaibeba.

Lakini usidhani mzee alihangaikia redio. Katriji zilikuwa mia mbili, yeye alitaka moja tu. Mkewe, Redempta, ndiye aliyefungua matangazo ya vifo kwa sauti iliyorekodiwa humo miaka yote ile, na sasa mwaka wa pili yuko kaburini chini ya migomba kule Kilema. Kastori aliyerekodi nusu ya watu wa mlimani hakuwahi kumrekodi mkewe nyumbani. Picha anazo, sauti hana, na hilo lilimuuma kila asubuhi.

Mashine ilipounganishwa na kompyuta, Kastori akachukua katriji ya mkewe. Zita, au Mama Lucky, mfagizi aliyezitunza katriji zile stoo, akasogea.

"Mzee, usiicheze kwanza. Nimefungua mbili. Ile sponji inayosukuma kanda imeoza, inanata kama gundi. Tuzibadilishe."

Kastori akamtazama kuanzia kandambili mpaka kilemba. "Nani alikutuma ufungue? Hii niliifunga kwa mkono wangu! Mama Lucky, shika fagio, mitambo tuachie wenyewe."

Yesu na Maria, kiburi gani hicho! Sponji huoza, fundi yeyote anajua, na Kastori alijua kuliko wote. Ila kuambiwa na mfagizi? Heri afe.

Akaisukuma katriji ndani, akabonyeza kitufe.

"Poleni wafiwa," Redempta akasema, kwa upole wake uleule, "poleni na majirani wa..."

Kastori akashika meza. Sauti ikaanza kuburuza, ikawa nzito, kisha mashine ikatafuna. Alipozima umeme kanda ilikuwa imejisokota kwenye gurudumu. Akaivuta, ikamkatikia vidoleni vipande vipande. Ule unga wa kahawia unaobeba sauti ulikuwa umebanduka, umeganda kwenye sponji nyeusi. Hapakuwa na cha kuunganisha.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Given, na suruali yake ya kubana, hakucheka.

"Kompyuta ilikuwa inarekodi, mzee," akasema taratibu. "Tumepata sekunde nne."

Akazicheza. *Poleni wafiwa, poleni na majirani wa...* Mzee akaomba tena. Akaomba tena. Mara ya nne akaanza kulia, hadharani, mbele ya watu aliowadharau.

Zita alikuwa ameshakaa chini na bisibisi, anafungua katriji nyingine.

"Sponji nikate unene gani, mzee?"

Kastori akamwonyesha unene kwa kidole chake. Kisha akachukua fagio lililoegemezwa mlangoni, akaanza kufagia vile vipande vya kanda.