Anachosikiliza Viola

Kila Ijumaa, watu waliowahi kuimba kwaya moja shuleni walitumiana nyimbo kwenye kikundi chao cha WhatsApp. Sharti lilikuwa moja tu: ukituma wimbo, useme unausikiliza kwa nini. Mwenye hamu ya nyumbani alituma wimbo wa litungu, kinanda cha nyuzi cha kwao, aliyegombana na mkubwa wake kazini alituma rumba, na Viola, aliyekuwa akiwaongoza enzi hizo na baadaye akafundisha kwaya ya kanisa huko Bungoma, alituma nyimbo za sauti nne na maelezo matamu kuliko nyimbo zenyewe.

Ijumaa hiyo mdogo wake, Nabwile, alikuwa dukani kwake Kitale, akiuza mbegu na dawa za mifugo. Alimsubiri mteja atoke, akaisogeza simu sikioni. Kilichotoka si wimbo. Ni mwanamume akieleza taratibu jinsi ya kuhamisha miche ya vitunguu kutoka kitaluni. Chini yake Viola alikuwa ameandika: "Nasikiliza huu kwa sababu ya sauti ya pili. Sikieni wanawake wanavyoingia polepole, kama watu waliochelewa ibada. Nimeurudia tangu asubuhi."

Nabwile alicheka. Halafu akamwandikia pembeni, amwokoe kabla wengine hawajaanza kumtania: "Dada, umesikiza hiyo kitu umetuma?"

Jibu lilikuja mara moja. "Ndiyo, mara nyingi sana. Si ni tamu?"

Kicheko kilimkauka. Alipiga simu, ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, ikakatwa. Baada ya muda ni mume wa Viola, Mukhwana, aliyempigia, akasema dada yake amejilaza kidogo, kichwa kinamsumbua, atamwandikia baadaye. Nabwile akakumbuka kwamba hata mwezi uliopita alikuwa amejilaza. Na kabla ya hapo simu ilikuwa haina chaji, na kabla ya hapo alikuwa mazoezini. Tangu dada yake alipougua malaria mbaya msimu wa mvua, hakuwa ameisikia sauti yake hata mara moja. Alikuwa anasoma maandishi tu, akiridhika.

Alimwuliza Manisha, rafiki yao wa kwaya ambaye familia yake ina duka la vifaa vya ujenzi Bungoma mjini. Manisha akasema kwamba wiki iliyopita Viola alipita mbele ya duka na mumewe, naye Manisha akamwita kwa jina, kwa sauti, zaidi ya mara moja. Viola hakugeuka. Mukhwana ndiye aliyegeuka, akamwona Manisha, kisha akamshika mke wake mkono na kumharakisha kuvuka barabara.

"Sikutaka kuingilia mambo ya nyumba ya mtu," Manisha alisema. "Lakini sikuipenda."

Usiku huo Nabwile hakulala vizuri. Alikuwa na mteja mmoja wa Kachibora ambaye mumewe alimpiga mwaka mzima, huku ndugu zake wakipokea salamu za upole kutoka kwa simu yake. Ilikuja kujulikana kwamba mume ndiye aliyekuwa akiandika. Na mtu anayeandika kwa niaba ya mwingine, Nabwile alijiambia, anaweza kuokota wimbo wowote kwenye simu na kuutungia maneno.

Jumamosi alimwachia Jerono, msaidizi wake, funguo za duka, akaenda Bungoma bila kumwambia mtu.

Nyumba ya Viola iko nje kidogo ya mji, kwenye ploti yenye ua wa mabati na geti la chuma. Kufuli ilikuwa imefungwa kwa nje. Nabwile aliishika kufuli hiyo, akaiachia. Alichungulia kwenye upenyo kando ya bawaba, akamwona dada yake uani, amempa mgongo, anaanika shuka. Alikuwa amekonda.

"Viola!"

Viola aliinama, akatoa foronya kwenye beseni, akaikung'uta.

Nabwile aliliita jina hilo tena, kwa nguvu zake zote. Akaokota jiwe na kuligonga geti hadi mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Umbali baina yao ulikuwa wa kurushiana kitambaa. Viola alibana foronya ile kwenye kamba, akachukua beseni lake, akaingia ndani na kufunga mlango, kama mtu aliyekatazwa kugeuka.

Kelele ziliwatoa majirani. Wa kwanza alikuwa Rosaline, mama mtu mzima anayekaa ploti ya pili, ambaye alisema bila kuulizwa kwamba hilo geti hufungwa kila Mukhwana anapotoka. Akasema Viola hasalimii watu siku hizi, unamwamkia anakupita kama mti. Alikuwa ameacha hata kwaya. Wengine wakaongeza yao, na kila neno lilimwingia Nabwile kama mwiba, kwa sababu kila neno lilikubaliana na alilokuwa amekwisha kuliamini.

Mukhwana alipofika kwa pikipiki, mkate ukiwa umening'inia kwenye usukani, watu walikuwa wamejaa njiani. Alizima injini, akamwona shemeji yake, na uso wake ukabadilika. Nabwile aliusoma kuwa uso wa mtu aliyeshikwa.

"Umemfanya nini dada yangu?"

"Shemeji, karibu. Twende ndani uongee naye."

"Sema hapa. Kwa nini umemfungia kama kuku? Kwa nini unaandika kwa simu yake?"

"Mimi siandiki kwa simu ya mtu."

"Basi ni nani? Nimemwita hapa mpaka koo imekauka na anaogopa hata kugeuka. Unampiga? Sema mbele ya hawa watu. Unampiga?"

Mukhwana alimtazama Rosaline, akawatazama vijana wawili waliokuwa wamesogea karibu na pikipiki yake. Mtu mmoja nyuma alisema chifu aitwe. Mwingine akasema chifu wa nini, watu wenyewe wako hapa.

"Siwezi kusema," Mukhwana alisema kwa sauti ya chini. "Nilimwahidi."

Manung'uniko yalipanda. Kijana mmoja alichomoa ufunguo wa pikipiki na kuutia mfukoni. Mukhwana hakumzuia. Alitoa ufunguo wa kufuli, akamwekea Nabwile mkononi.

Nabwile alivuka ua mbio. Viola alikuwa jikoni, amempa mlango mgongo, anachambua mchele kwenye ungo. Nabwile alimwita tena, akiwa amemkaribia kabisa, kisha akamshika bega. Viola alipiga yowe. Ungo ulianguka, mchele ukatapakaa sakafuni. Aligeuka na macho ya mtu aliyevamiwa, na alipomtambua mdogo wake hakumkumbatia. Alimkodolea macho mdomoni.

"Sema polepole," alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa mno kwa jiko dogo kama lile, na imenyooka, haipandi wala haishuki. "Polepole, nione."

Hapo ndipo Nabwile alipoelewa.

Viola alieleza akiwa ameegemea meza, na mara kwa mara alikuwa akigusa koo lake kupima kama linatoa sauti. Baada ya malaria ile alianza kusikia mvumo, kama mvua kwenye mabati, mchana na usiku. Alidhani utapita. Kisha mvumo wenyewe ukafifia, na siku moja mazoezini aliinua mikono, akaona midomo yote inafunguka, asisikie kitu. Alisema anaumwa kichwa, akatoka, hakurudi. Mukhwana alimtembeza kwa madaktari. Viola alimwapisha mumewe asimwambie mtu yeyote, hata ndugu zake. Kufuli aliiomba mwenyewe, kwa sababu siku moja mgeni aliingia hadi jikoni bila yeye kujua, naye alipogeuka akamkuta amesimama nyuma yake.

"Na nyimbo?" Nabwile aliuliza, akilichonga kila neno kwa midomo.

"Natafuta jina kwa simu, natuma. Sababu nazijua, nyimbo zenyewe ninazo hapa." Alijigusa paji la uso. "Kule kwa kikundi mimi bado nasikia. Ni hapo tu pamebaki."

Nabwile hakuwa na moyo wa kumwambia habari ya vitunguu. Nje kelele zilikuwa zimeongezeka, mtu alikuwa anapigapiga mabati kwa fimbo, na dada yake alikuwa amesimama katikati ya mchele uliomwagika, hajui. Nabwile alitoa simu, akaandika haraka: "Watu wako kwa geti. Nimewaambia Mukhwana anakutesa. Wanataka kumpiga."

Viola alisoma. Alimwangalia mdogo wake kwa namna ambayo Nabwile hakuisahau baadaye, kisha akapita kando yake, bila viatu.

Mukhwana alikuwa amebanwa kwenye geti, kijana mmoja amemshika ukosi. Viola aliupangua mkono ule. Alisimama mbele ya mumewe akawakabili majirani, na sauti yake ikatoka kubwa, bapa, ya kuwashtua watoto.

"Mimi sisikii. Masikio yangu yamekufa. Mama Rosaline, sikukunyima salamu, sikukusikia. Huyu mtu hajawahi kuniinulia mkono. Nilimwambia anyamaze na amenyamaza. Sasa mmejua, muende nyumbani."

Hakuna aliyejibu, na kama yupo aliyejibu, yeye hakumsikia. Mukhwana alifunika uso kwa mikono yake miwili. Kijana aliyekuwa na ufunguo aliuweka juu ya tanki la pikipiki na kuondoka ameinamisha kichwa. Rosaline alibaki. Alimshika Viola mikono yote miwili, akaitikisa kwa muda mrefu kama wanavyosalimiana watu waliopotezana.

Nabwile alimwomba shemeji yake msamaha jioni hiyo, walipokuwa wakiokota mchele. Mukhwana hakuinua kichwa. Alisema karibu kila siku alikuwa akimwuliza mkewe, nimwambie Nabwile sasa? Na kila siku mkewe alikataa.

"Ningekuwa mimi ningekuja pia," aliongeza. "Lakini ungeanza na mimi. Ungeniuliza tukiwa wawili."

Walipompeleka Viola Eldoret, daktari alisema sikio la kushoto limebaki na kitu kidogo, labda kifaa kitasaidia, labda hakitasaidia. Viola mwenyewe ndiye aliyewaambia wenzake wa kwaya. Mukhwana aliendelea kumjibu Nabwile kwa adabu na kwa maneno machache. Krismasi ilipofika walialikwa Kitale, naye Mukhwana akamleta mke wake hadi mlangoni kwa Nabwile, akasema ana kazi Saboti, akawasha pikipiki bila kuingia.