Ufa Chini ya Rangi ya Lulu

Ujumbe wa simu uliingia saa tatu asubuhi, Nchagwa akiwa amepiga magoti mbele ya mlango wa pikapu, msasa wa maji mkononi. Alijifuta vidole kwenye ovaroli, akasoma.

"Baba Gati, nimepata gari ya Mugumu. Ni Noah nyeupe, inang'aa kama imetoka dukani jana. Ile yenye zamu imechakaa, nimeiacha. Hii naona ni kazi ya mkono wako."

Ilikuwa kazi ya mkono wake kweli, na hapo ndipo damu ilipomwisha usoni. Alimpigia mkewe. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikaita, ikachoka. Robi alikuwa na tabia ya kuizika simu chini kabisa ya mkoba, chini ya nguo za mtoto, na siku hiyo alikuwa anakwenda Morotonga, kulekule Mugumu, kumwona mama yake mgonjwa, kwa hiyo mkoba ulikuwa umejaa hasa. Binti yao Gati, wa miaka miwili, alikuwa naye mgongoni.

Nchagwa aliutupa msasa ndani ya ndoo akatoka gereji mbio, bisibisi bado imo mfukoni.

Tuseme ukweli mapema, tusije tukamwonea huruma kabla ya wakati: jambo alilokuwa analikimbilia alilitengeneza mwenyewe.

Wiki mbili nyuma Noah ile ililetwa gereji ikiburutwa na trekta. Ilikuwa imegongana na lori la mawe kwenye kona, na upande wake wa mbele wa kulia ulikuwa umekunjamana kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Matiko, fundi wa kunyoosha bodi, aliifunga mnyororo kwenye nguzo, akaivuta na kuigonga siku tatu mpaka ikapata sura ya gari. Ndipo Nchagwa akakabidhiwa aitie rangi. Alipokuwa anasafisha chini ya boneti kwa tina ya kuondolea mafuta, akauona ufa. Ulikuwa kwenye kikombe cha shokapu, lile bakuli la chuma linaloshikilia mguu wa tairi kwa juu. Urefu wake kidole cha kati. Huhitaji kuwa fundi kuelewa: kikombe kile kikikatika gari likiwa kwenye mwendo, mguu wa tairi unachomoka, na dereva anabaki ameshika usukani wa mapambo.

Mwenye gari aliitwa aje aone. Jina lake Sylvester, mtu wa mawe ya dhahabu na maduka, mnene wa shingo, mpole wa sauti, na upole huo ndio uliowatisha watu. Pale Nyamongo kulikuwa na utingo mmoja aliyewahi kubishana naye, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo na hasemi amefanywa nini wala na nani.

"Hapa pakatwe, pachomelewe upya," Nchagwa alimwambia. "Siku nne, tano hivi."

"Jumatatu inaingia barabarani."

"Mzee, kwa kweli hii chuma..."

Sylvester alimwekea mkono shingoni, taratibu, kama baba anayempongeza mwanawe. Ulikuwa mzito. "Mura," alisema, kama wazee wa Kikurya wanavyomwita kijana, "mdomo wa mpiga rangi una kazi moja tu. Kuvaa barakoa. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uzibe kwa kitu gani. Nchagwa aliuziba kwa pati, uji wa kujazia mabonde kabla ya rangi.

Lakini kabla ya pati alifanya jambo moja. Marehemu Mzee Mniko wa Tarime mjini, aliyemfundisha kazi, alikuwa na sharti lake: usifunike chuma kabla hujaandika juu yake kwa msumari kile ulichokiona, na jina lako. Rangi ni nguo, alikuwa akisema, na fundi wa kesho atakayeivua lazima akute maelezo. Basi Nchagwa alichukua msumari, akaandika kwa herufi kubwa pembeni ya ule ufa. Kisha akapaka pati, akapiga msasa, akapuliza praima, akapuliza nyeupe ya lulu, akamalizia na klia ya kung'arisha. Siku ile alikula akashiba. Alijiona ameshasema. Alikuwa amekiambia chuma, na chuma kilikuwa kinajua tayari.

"Stendi!" alimwambia wa bodaboda nje ya gereji. "Kimbiza, ndugu yangu. Kimbiza!"

Pikipiki iliruka mashimo, na kila iliporuka Nchagwa aliliona shimo hilohilo likipitiwa na tairi la mbele la kulia la Noah. Aliwaza mteremko wa kwenda Mto Mara. Aliwaza Gati mgongoni, asiye na pa kushika. Kila gari jeupe walilopishana nalo alilikodolea macho akitafuta kitambaa cha kichwa cha Robi, na alipokosa kukiona hakupata nafuu yoyote, maana huenda Noah ilikwisha kupita. Alimshika dereva kiunoni kama mtoto.

Noah ilikuwa bado ipo. Ilisimama pale stendi inawaka jua, na kweli kizuri chajiuza: gari lenye zamu lilikuwa kando yake limechubuka, tupu, na watu wote wamejazana kwenye hili jeupe.

"Fundi!" Daudi, dereva, alimwita akicheka. "Njoo uone mtoto wako anavyogombaniwa!"

Ng'ambo, kwenye baraza la duka lake, Sylvester alikuwa ameketi na kikombe cha chai. Alimwona Nchagwa. Akainua kikombe kidogo, kumsalimu.

Nchagwa aliinamisha kichwa, akaufikia mlango wa abiria. Robi alikuwa kiti cha kati, mtoto ameshahamia mapajani.

"Shuka, Mama Gati."

"Nishuke? Kwa nini?"

"Mtoto ana homa."

"Mtoto hana homa."

"Shuka, nakuomba."

Robi alimtazama usoni. Walikuwa wameishi pamoja miaka sita, na uso ule hakuwahi kuuona. Alikusanya mkoba, akashuka.

Hapo Nchagwa alipumua. Ndiyo, alipumua, na kwa pumzi mbili tatu hivi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote stendi. Mke wake huyu hapa, mtoto wake huyu hapa. Ya wengine alimwachia Mungu, kama tunavyomwachiaga mizigo tusiyotaka kuibeba sisi.

"Bibi!" Daudi aliita. "Bibi wa ndizi! Bahati yako, kiti kimepatikana!"

Bibi kizee mmoja wa Nyamwaga, aliyekuwa ameambiwa gari limejaa, alijikokota kutoka kivulini akiburuta mkungu wa ndizi mbichi. Alimkuta Nchagwa mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama Robi na mtoto waliosimama chini, kisha akamgeukia tena. "Umemshusha mke wako ili mimi nikae?"

Angeweza kusema hapana. Angeweza kunyamaza. Aliona baraza la duka kwa pembe ya jicho, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

"Inama, baba."

Akainama. Bibi akaweka kiganja juu ya utosi wake, kiganja kikavu chenye joto. "Uzeeke," alisema. "Mkono wako usikauke. Na wewe siku ya kuchoka upishwe." Kisha akasaidiwa kupanda, akaketi palepale Robi alipokuwa ameketi, mkungu kati ya miguu.

Robi alimvuta mumewe mkono. "Hili gari lina nini?"

"Nitakwambia nyumbani."

"Pale mbele amekaa nesi Laurensia. Ndiye aliyenizalisha Gati, mimi nikiwa nimeshakata tamaa. Niambie hapa."

Hakumwambia. Daudi alikuwa ameshawasha injini, na mlango ukafungwa kwa ule mlio laini ambao Nchagwa mwenyewe aliuhangaikia nusu siku. Kupitia kioo alimwona bibi anatabasamu, anampungia. Utosi ulimwasha pale kiganja kilipokaa. Miguu yake ilitaka kwenda nyumbani, na aliiona ikianza kugeuka, halafu, bila kujua ni lini aliamua, akajikuta amesimama mbele ya gari, viganja viwili juu ya boneti.

"Fungua."

"Umesahau nini?" Daudi aliuliza dirishani.

"Fungua boneti, Daudi."

Daudi alidhani ni mambo ya rangi. Akavuta. Nchagwa aliinua boneti, akainama. Juu ya kikombe cha kulia, ndani ya weupe wake uliokamilika, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Jumatatu haukuwepo. Alitoa bisibisi mfukoni, akaiona miguu ya Sylvester ng'ambo ikishuka ngazi za baraza bila haraka, na akaichomeka kwenye kazi yake mwenyewe.

Klia ilipasuka. Pati ikabanduka vipande vipande kama ganda la yai lililochemshwa. Alikwangua huku akilia, na hakujua kama alikuwa anailia rangi au nini. Mkono ukatua shingoni mwake, uleule.

"Mura," sauti ya upole ilisema sikioni. "Barakoa."

Nchagwa alihisi haja ndogo ikitaka kumtoka. Lakini bisibisi ilikuwa imeshafika kwenye chuma. Ule ufa wa kidole kimoja, kwa siku tatu tu za barabara, ulikuwa umezunguka nusu ya kikombe. Daudi, aliyekuwa ameshuka kuja kufoka, aliutazama, akaingiza ukucha ndani yake, ukazama. Akarudi kwenye usukani, akazima injini, akachomoa ufunguo.

"Shukeni wote," alisema. "Mimi hii siendeshi."

Watu wakashuka, wakazunguka. Nesi Laurensia alikuwa wa kwanza kufika kwenye boneti. Alipangusa vumbi la pati kwa kidole, akasogeza uso.

"Kuna maandishi," alisema, akayasoma kwa sauti, kama anavyosoma majina ya wagonjwa. "Ufa. Haujachomelewa. Nchagwa."

"Nchagwa ndiye nani?" mtu akauliza.

Stendi nzima ya Nyamongo ilijua jibu. Wakamtazama. Na hapo Sylvester akauondoa mkono wake shingoni mwa fundi, akajifuta vumbi, akacheka kidogo.

"Mmesoma wenyewe," alisema. "Jina langu lipo hapo?"

Halikuwepo. Mzee Mniko alifundisha kuandika ulichokiona na jina lako. Hakufundisha kuandika jina la aliyekuamuru.

"Kwa hiyo ulijua!" mwanamume mmoja alisema.

"Alijua! Ndiyo maana kamshusha mke wake!"

"Muuaji huyu!"

Duara likabana. Nchagwa aliona mtu akiinama kuokota jiwe, na Nyamongo mawe hayatafutwi. Alitaka kusema niliogopa, nilimwogopa huyu, na ilikuwa kweli, lakini alipotazama, Sylvester alikuwa ameshageuka, anarudi kwenye chai yake, mgongo mpana, watu wanampisha.

"Mimi ndiye niliyeandika," Nchagwa alisema. "Nilijua."

Jiwe halikurushwa, kwa sababu bibi wa ndizi alikuwa anashuka, na hakuna anayerusha jiwe bibi akiwa anapita. Alishuka taratibu, mguu mmoja, kisha wa pili, akishikilia mlango. Watu wakafungua njia. Alikuja mpaka mbele ya fundi akasimama. Hakusoma maandishi, na hakuwa na haja.

"Nilikuuliza," alisema. "Ukaniitikia."

"Nisamehe, bibi."

"Inama."

Nchagwa aliliogopa neno lile kuliko jiwe. Aliinama. Kiganja kilekile kikavu kikakaa juu ya utosi wake, palepale, kikapangusa mara moja, mara ya pili, kama mtu anayefuta vumbi mezani kabla ya kuweka chakula.

"Ile baraka nimeifuta," bibi alisema. "Nitakupa nyingine siku utakayonipa kiti kwenye gari ambamo mke wako amekaa."

Akaugeukia mkungu wake. Robi alikuwa ameshaushika upande wa pili. Wakaubeba wawili, polepole, hadi kwenye lile gari lililochubuka, lenye zamu. Robi akamsaidia bibi kupanda, akampakatisha Gati, kisha akapanda na yeye, wala hakugeuka. Nesi Laurensia akafuata, na wengine wakafuata, mpaka likajaa.

Lilipoondoka, Nchagwa alikuwa bado ameinama.