Mal-sun Apiga Goti

Siku ya mazishi ya mumewe, Mal-sun alisimama wima kama nguzo. Watu wote walisujudu mbele ya picha ya marehemu. Yeye goti lilikuwa limevimba, halikunjiki. Hakusujudu, wala hakulia. Tangu hapo moyo ukafa ganzi, na kila aliyemuuliza hali alijibiwa, "Goti tu."

Alitaka jambo moja: kwenye tambiko la kutimiza mwaka tangu kifo, amsujudie marehemu Gap-jin wake, amuage.

Daktari alisema gegedu la goti limelika, ila kisu cha upasuaji kinaweza kungoja. Akamkabidhi kwa mtaalamu wa mazoezi, binti mwenye mdomo. "Bibi, hivyo vitunguu saumu unavyolima havitakuja kukuuguza. Acha kuchuchumaa shambani!"

Akaacha. Akanunua kitanda, asilale tena sakafuni. Kila asubuhi alikaa kitini, akanyoosha mguu na kuushikilia hewani mpaka paja litetemeke, kisha akajifunza kuinuka kutoka sakafuni kwa kushika ukingo wa meza. Hakufurahi, hakulalamika. Alifanya tu, kama mtu anayefagia uwanja. Maumivu yakapungua, na hilo nalo halikumgusa.

Jioni ya tambiko, wali, samaki na mapeasi vilipangwa mezani mbele ya picha. Deok-cheol, mdogo wa marehemu, akamsogezea kiti.

"Kaa, shemeji. Kaka hatakasirika, ukaidi wako alishauzoea."

"Kikalie wewe, mwenye kitambi."

Akaweka mto sakafuni kando ya meza, akashuka taratibu, goti moja, kisha la pili. Paji la uso likagusa mikono. Alingoja maumivu, hayakuja. Alingoja huzuni, nayo haikuja. Ndiyo haya tu? aliwaza kwa hasira.

Kisha, bila kuangalia, akanyoosha mkono pembeni. Miaka yote ya ndoa Gap-jin ndiye aliyemwinua sakafuni, akinung'unika, "Haya, gunia langu, inuka." Meza ilikuwa pale pale, na namna ya kuishika aliijua. Mkono ukabaki hewani.

Mabega yakaanza kumtikisika. Mwanawe, Jae-hun, akaruka.

"Mama! Goti, eh? Si uliambiwa ukae kitini!"

"Haliumi," alisema Mal-sun, machozi yakidondokea mto. "Mwanangu, goti haliumi hata kidogo."