Diski ya Marehemu Mpiga Picha

Fundi wa kompyuta aliilaza mashine ubavu juu ya kaunta, akafungua skrubu za nyuma na kuzitia kwenye kizibo cha chupa zisije zikapotea. Akapuliza vumbi. Mteja wake, kitindamimba wa marehemu mpiga picha, akageuza uso.

"Unataka diski ya ukubwa gani?" fundi akauliza.

"Kubwa kuliko zote."

"Polepole, dada. Kwanza tujue mashine yenyewe inakubali giga ngapi. Hizi za zamani zina tumbo dogo."

Mpiga picha alikufa mwaka uliopita. Tangu hapo, kila jioni kompyuta yake ikiwashwa, alitoka ndani yake, akaketi kwenye kiti chake na kupiga soga hadi ilipozimwa. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa kubwa. Kiti kilikuwa chake. Tatizo lilikuwa diski. Ilikuwa ya giga arobaini, imejaa pomoni, na mzee alikumbuka yaliyokuwamo humo tu. Alimjua mwanawe mkubwa, alimjua binti wa pili, aliwajua hata maharusi wa watu. Kitindamimba hakumjua. Miaka yote ya studio yeye ndiye aliyeshika taa, kwa hiyo hakuwamo kwenye picha hata moja. Ndiye pia aliyemwogesha baba alipougua, lakini hilo nalo halikupigwa picha.

"Usimlaumu mzee," kaka yake alimwambia. "Diski imejaa. Hana pa kukuweka."

Neno hilo lilimfariji sana, akaibeba mashine mwenyewe hadi dukani.

Fundi alisoma namba iliyochapwa kwenye bodi kuu, akatafuta mtandaoni kijitabu cha maelezo yake, kisha akaiwasha ili aone tarehe ya programu inayoiamsha mashine. Mpiga picha akatoka, akaketi kwenye benchi la wateja na kusema kwamba duka lina mwanga mbaya.

"Shikamoo, mzee," fundi akasema bila kuacha kusoma.

"Marahaba."

Fundi akamgeukia binti. "Mwisho wake ni giga mia moja thelathini na saba. Hata ukiweka ya elfu moja, itaona hizo hizo. Zilizobaki zitakuwa pambo."

"Zinanitosha. Mimi si mnene."

Dukani kulikuwa na diski ya giga mia na ishirini, imetumika lakini nzima. Fundi alimwomba mzee arudi ndani, kisha akanakili yote kwenye diski mpya, taratibu, mzee asije akajigonga njiani.

Jioni binti aliiwasha mashine kabla ndugu zake hawajafika. Baba akatoka, akajinyoosha mgongo.

"Huko ndani sasa kweupe," akasema. "Mtu anaweza kucheza mpira."

Akaanza kukumbuka mambo ambayo hakuwahi kuyapiga picha: homa ya binti wa pili, mwanawe mkubwa alivyoanguka na baiskeli, mteja aliyeingia studio na mbuzi. Kitindamimba alisubiri zamu yake. Baba alipomaliza, binti akatazama kwenye kioo cha kompyuta. Nafasi iliyobaki ilikuwa kubwa mno. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Baba, ni mimi. Mwanao wa mwisho."

Mzee alimtazama kwa adabu aliyozoea kuwaonyesha wateja.

"Nafasi ipo," binti akasema.

"Ipo tele," baba akakubali. Akafumba macho na kutafuta, tena hakutafuta juujuu. Alikwenda pembe kwa pembe, midomo ikimchezacheza. Kisha akafumbua.

"Karibu, dada, ukae tu hapo," akasema. "Wanangu wako njiani."

Ilimuuma binti sana. Alikaa. Ndugu zake walipobisha hodi, yeye ndiye aliyekwenda kuwafungulia mlango.