Hapana ya Kwanza ya Verla Haugstad

Viongozi wa Chama cha Nyanda katika jimbo la Dakota Kaskazini kwa kawaida walikuwa wanne, lakini siku ya mkutano mkuu walikuwa wamebaki watatu. Mwenyekiti alikuwa amehamia Arizona kwa ajili ya mapafu yake. Aliyekaimu kiti ni makamu, Dwayne Castellaw, mtu wa Texas aliyekuja miaka minne nyuma kufanya kazi ya visima vya mafuta, mpole, mwenye bamba la mkanda kubwa kama kisahani. Mweka hazina alikuwa mzee Orrin Tveit, ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa pambo tu. Na katibu alikuwa Verla Haugstad, mjane wa miaka sitini na tisa, aliyeandika mihtasari ya chama miaka ishirini na sita bila mtu kumwuliza yeye mwenyewe anataka nini.

Alichotaka alikijua. Alitaka kuwa mwenyekiti.

Kulikuwa na wilaya kumi na moja, zile za mashamba ya ngano na vijiji vya nyumba arobaini, ambako chama kilikuwa hakijasimamisha mgombea kwa miaka mingi. Verla alizizunguka zote majira ya baridi, soksi mbili miguuni na chupa ya chai kando yake, na watu sita walikuwa wamekubali kugombea iwapo chama kitawashika mkono. Mwingine aliyekitaka kiti, Craig Olness, muuza magari wa Fargo, alisema waziwazi kwamba wilaya ndogo ziachwe, nguvu zote ziende mijini. Craig akishinda, wale sita wangebaki na ahadi ya Verla tu, na ahadi ya katibu haina gari wala vipeperushi.

Basi wajumbe thelathini na mmoja wakakutana katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Kilutheri, wakaning'iniza makoti, wakapanga mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga juu ya meza ndefu, yamefunikwa taulo yasipoe. Wakaomba dua, wakapitisha ajenda. Dwayne akaomba majina ya wanaopendekezwa.

Jina la Craig likatajwa, naye akasema anakubali.

Kisha LaVonne Brekke, jirani yake Verla tangu wakiwa mabibi harusi, akasimama. "Nampendekeza Verla Haugstad."

Verla akahisi masikio yanapata moto. Akafanya kama alivyolelewa. "Aa, hapana jamani," akasema, macho kwenye daftari. "Tafuteni mwenye uwezo zaidi."

Huko kwao mtu akikaribishwa kahawa hukataa. Akikaribishwa tena husema msijisumbue. Mara ya tatu ndipo husema, basi, nusu kikombe, na huyo atakunywa vitatu. Kila mtu mle ukumbini alilijua hilo, na kila mtu alikuwa akingoja Dwayne aulize tena.

Dwayne hakulijua. "Tunakuheshimu kwa hilo, mama," akasema, akalikata jina. "Kuna jingine? Hakuna? Basi uteuzi umefungwa. Tule kwanza, tupige kura baadaye."

Wajumbe wakatazama viatu vyao. Kumsahihisha mwenye kiti mbele za watu lilikuwa jambo zito kuliko hata kumpoteza mwenyekiti mzuri. Na Verla, kwa kuwa ndiye katibu, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: *V. Haugstad amekataa.*

Jikoni, LaVonne alikuwa akikata keki ya limau kwa hasira.

"Umekataa," akasema.

"Nimekataa mara moja tu."

"Verla, yule katoka Texas. Kule ukisema hapana wanafunga mlango."

"Angeuliza tena, hata kwa adabu tu."

"Aulize nini? Wewe ndiye mwenye mdomo." LaVonne akaweka kisu chini. "Mimi nimeshakutaja. Siwezi kukutaka kuliko unavyojitaka."

Mzee Orrin, aliyekuwa akitafuta maziwa, akageuza sikio zima. "Kanuni zinaruhusu kufungua uteuzi, ikitolewa hoja. Wewe ndiye uliyeziandika."

"Mtu ajitaje mwenyewe? Haijapata kutokea."

"Basi andika kwamba imetokea," akasema Orrin.

Verla akavua aproni. Akafikiri juu ya mwalimu mmoja wa kijijini, mmoja wa wale sita, aliyekuwa amekwisha kupigwa picha ya tangazo, tai shingoni. Mtu yule alikubali papo hapo, mlangoni, bila kuzungushana.

Mkutano uliporudi, alisimama kabla Dwayne hajagawa karatasi za kura.

"Bwana mwenye kiti, natoa hoja uteuzi ufunguliwe."

"Naunga mkono," akasema Orrin, kwa sauti ya kiziwi.

Mikono ikapanda, mingi. Dwayne akakuna kidevu. "Sawa. Nani anapendekezwa?"

"Mimi," akasema Verla. "Najipendekeza mimi. Nakitaka kiti hiki."

"Lakini mama, si ulisema hapana?"

"Ilikuwa ya kwanza tu, mwanangu."

Ukumbi ukacheka, hata Craig, na Dwayne akawa mwekundu mpaka shingoni alipoelezwa. "Miaka minne," akasema. "Kumbe ndiyo maana hamnywi kahawa yangu."

Verla akawasomea majina ya watu sita na wilaya zao, mmoja mmoja, pamoja na kazi zao, akaketi. Kura zikahesabiwa mara mbili: kumi na saba kwake, kumi na nne kwa Craig.

Craig akaja kumpa mkono. "Bado naona unapoteza nguvu huko," akasema.

"Huenda," akasema Verla. "Lakini yule mwalimu wa kijijini gari lake halivuki matope ya masika. Wewe una magari mangapi uwanjani?"

"Anahitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne," akasema Craig, akatoa kalamu mfukoni. "Nipe namba yake."